Masomo mawili kwanza, chuo baadaye: jibu kwa mwalimu wa leseni aliyeko Masasi

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 22, kwetu Tandahimba. Kwa sasa nipo Masasi, nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili kwenye shule binafsi, kwa leseni. Nilimaliza kidato cha sita mwaka juzi, HKL, nikapata Kiswahili C, Historia D na English E. Nataka shahada ya ualimu. Binamu yangu aliyeko Marekani amenitumia mwongozo wa kuomba programu ya ualimu huko: insha, barua za wanaokujua, mtihani wa leseni. Je, na kwetu ni hivyo hivyo? Baba ni mkulima wa korosho na ada haiwezi. Nianzie wapi, na je, niache kazi sasa hivi?"

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza maswali matatu kwa pamoja, na la ada umelifumba ndani yake; nimeyapenda yote. Sasa ni Machi na madirisha ya udahili kwa kawaida hufunguliwa Julai, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutoka. Kwa hiyo umeuliza mapema, nami nitakujibu kwa kirefu.

Tuanze na ule mwongozo wa binamu yako, tuumalize. Marekani kila jimbo hutoa leseni yake ya ualimu. Mwombaji husoma programu iliyoidhinishwa na jimbo, hufanya mazoezi darasani chini ya mwalimu mzoefu, na majimbo mengi humtaka afaulu mitihani kama ile inayoitwa Praxis kabla hajapewa leseni. Vyuo vyao hupenda kusoma insha ya mwombaji na barua za waliomfundisha. Kwetu huandiki insha. Hakuna atakayekuuliza kwa nini unataka kuwa mwalimu, na mimi binafsi nasikitika kwamba hatuulizi. Udahili wetu unaangalia alama zako, namba yako ya mtihani na majina yako. Uzuri wake ni kwamba mtoto wa Tandahimba asiye na mtu wa kumwandikia barua hapungukiwi kitu. Ubaya wake ni kwamba kosa la herufi moja au tarakimu moja halina insha ya kulifunika.

Na neno leseni lenyewe, kwetu lina maana tofauti na ile aliyokusudia binamu yako. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, anayefundisha lazima awe amesajiliwa kuwa mwalimu, au awe na leseni ya kufundisha. Leseni hupewa mtu kama wewe ambaye hajasomea ualimu lakini ana elimu ya kutosha kulishika somo. Ni ruhusa yenye masharti. Hata ukifundisha miaka kumi na kupendwa na kila mzazi, haigeuki kuwa usajili. Kule kwao leseni ni mlango wa mwisho baada ya kusoma, kwetu ni ruhusa ya mtu anayesubiri kusoma. Nimekutana na vijana wengi waliokaa na leseni hadi wakajisahau, wakaja kushtuka umri umekwenda na mikopo haiwahusu tena. Kwa hiyo nimefurahi umeandika ukiwa na miaka 22.

Sasa jambo lenyewe. Vijana wengi huniuliza, "Mwalimu, niombe chuo gani?" Swali la kwanza linapaswa kuwa, "Nitafundisha masomo gani mawili?" Mwalimu wa sekondari mwenye shahada husomea masomo mawili ya kufundishia pamoja na masomo ya elimu yenyewe, yaani saikolojia, falsafa ya elimu, mbinu za kufundisha, upimaji, mitaala. Yale masomo mawili ndiyo yatakayoamua unaingia chuo gani, unafanya mazoezi katika darasa lipi, unaitwa kwenye usaili gani, na unashika chaki mbele ya nani kwa miaka 30 ijayo. Jina la chuo watu watalisahau baada ya miaka mitano. Masomo yako hayatasahaulika, kwa sababu yameandikwa kwenye ratiba ya shule kila Jumatatu.

Chukua kalamu tupige hesabu yako. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Kiwango cha chini kabisa cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, yaani yale masomo makuu uliyochukua kidato cha tano na sita, kuanzia E kwenda juu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, na masomo hayo yawe yale yanayotajwa kwenye sifa za kozi unayoomba. General Studies, lile somo la nyongeza la wote, haihesabiwi humo. Wewe una Kiswahili 3, Historia 2, English 1.

Kiswahili na Historia: 3 na 2, pointi 5. Umepita, na una nafasi ya kupumua.

Kiswahili na English: 3 na 1, pointi 4. Umepita kwa kugusa mstari. Chuo chochote kikiongeza sharti, kwa mfano kikitaka D katika somo utakalofundisha, umebaki nje.

Historia na English: 2 na 1, pointi 3. Hapo hakuna mjadala.

Umeona namna matokeo yale yale ya mtu yule yule yanavyotoa majibu matatu? Ndiyo maana sipendi kusikia "nina pointi 6" bila mtu kuniambia zimetoka masomo gani. Binti mwenye pointi 6 anaweza kukosa kozi ambayo mwenye pointi 4 ameipata.

Ushauri wangu kwako ni Kiswahili na Historia, na nitakwambia bila kukuficha hasara yake. Walimu wa masomo ya sanaa ni wengi mtaani kuliko nafasi. Matangazo ya ajira ya miaka ya karibuni yameegemea Fizikia, Hisabati, Kemia na masomo ya ufundi, na mwenzako aliyesoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, huenda akaajiriwa mapema kuliko wewe. Lakini wewe hukusoma PCM, na siwezi kukushauri kwa matokeo ya mtu mwingine. Cha kukutia moyo ni kwamba mabadiliko ya sera na mitaala ya mwaka 2023 yameleta Historia ya Tanzania na Maadili kuwa somo la lazima, linafundishwa kwa Kiswahili, na sera imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtu anayekishika Kiswahili barabara na Historia pia ana mahali pake katika mpango huo. Sikuahidi ajira, ila najua kazi ya aina hiyo itakuwepo.

Kuhusu ile E ya English, usiiache ilale. Hata ukisoma Kiswahili na Historia, mihadhara ya Historia na ya masomo ya elimu chuoni ni kwa Kiingereza, na insha za mitihani pia. Kila mwaka nawaona wanafunzi wa kusini wenye akili nzuri wakinyamaza kwenye semina kwa sababu wazo limekuja kwa Kiswahili na sentensi ya Kiingereza haijakamilika mdomoni. Una miezi saba hadi chuo kifunguliwe. Soma kurasa mbili kila siku za kitabu chochote cha Historia ya kidato cha tano kilichoandikwa kwa Kiingereza, kisha eleza ulichosoma kwa sauti, peke yako, kwa lugha hiyo hiyo. Ni zoezi la aibu mwanzoni. Fanya.

Kuna mtego mmoja wa majina ya kozi ambao lazima nikuoneshe. Shahada ya Sanaa na Elimu hukupa masomo mawili ya kufundishia, na vivyo hivyo nyingi za zile ziitwazo Shahada ya Elimu upande wa Sanaa. Lakini zipo shahada zenye neno elimu ambazo lengo lake ni jingine: saikolojia ya elimu, sera na mipango na utawala wa elimu, elimu ya watu wazima. Baadhi hukupa somo moja la kufundishia, baadhi hazikupi kabisa. Ni shahada za heshima na zina kazi yake. Ila wewe unataka kuingia darasani, na nimewahi kumpokea kijana wa mwaka wa tatu akilia ofisini baada ya kugundua kwamba tangazo la ajira za walimu halimtaji. Hakuna aliyemdanganya. Alisoma jina la kozi, hakusoma sifa zake.

Sifa hizo zipo kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Kuna mwongozo wa waliotoka kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada; chukua ule wa kwanza. Kila kozi ya kila chuo imeandikwa masomo yanayotakiwa, pointi za chini, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Usiusome kwenye simu ukiwa kwenye daladala. Kaa chini, tafuta kozi ambazo Kiswahili na Historia vimetajwa wazi, andika tano daftarini.

Na usilivuke la karibu. Mtwara mjini kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, ambacho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na ualimu wa sanaa ni moja ya kozi zake kubwa. Wazazi wengi wa huku bado wanaamini chuo ni Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 550 kutoka Mtwara. Mimi nawaambia wapige hesabu ya nauli, chumba na chakula kwanza. Mtoto wa Tandahimba akisoma Mtwara anaweza kurudi nyumbani mwisho wa wiki akachukua unga na mihogo. Hilo si jambo dogo mkopo unapochelewa. Kwa upande mwingine, vyuo vya umma kama DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Dar es Salaam, Mkwawa ya Iringa na Chuo Kikuu cha Dodoma vina nafasi nyingi za ualimu na ada ya chini kuliko vya binafsi. Weka vyote kwenye lile daftari. Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye kila chuo, hakuna tena mfumo mmoja wa kati, kwa hiyo unaweza kuomba vyuo vitatu au vinne kwa wakati mmoja, kila kimoja na ada yake ya maombi, ambayo kwa vyuo vingi ni shilingi 10,000.

Sasa nisikilize kwa makini hapa kwenye suala la namba ya simu. Mwaka mmoja mpwa wangu alichaguliwa vyuo viwili. Mtu aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa kutumia namba maalumu ya siri inayotumwa kwenye simu yake au barua pepe, ndani ya siku zilizopangwa. Mpwa wangu alisubiri hiyo namba siku nne. Haikuja. Tulipofuatilia tukakuta kijana wa steshenari aliyemjazia fomu aliandika namba yake mwenyewe ya simu, na barua pepe alimfungulia ambayo hakumwambia neno la siri. Kijana hakuwa na nia mbaya, alikuwa na foleni ya watu ishirini na alitaka kumaliza. Laini ile alishaiacha, akawa ameenda kwao Liwale kwa msiba. Tulimpata siku ya mwisho, saa kumi jioni. Sitaki ukaishi siku kama hiyo. Steshenari nenda, wana intaneti na printa na wanajua mifumo, lakini barua pepe ifungue mwenyewe leo, neno la siri liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, namba ya simu iwe laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kabla hajabonyeza kutuma mwambie, "Kaka, naomba nisome." Soma kila kisanduku. Namba ya mtihani wa kidato cha nne na ya kidato cha sita zisome tarakimu kwa tarakimu, pamoja na mwaka. Mfumo huvuta matokeo yako wenyewe kwa namba hizo, na ukikosea unaweza kuletewa matokeo ya mtu mwingine, au usiletewe chochote.

Udahili huenda kwa awamu, kwa kawaida hadi tatu. Ukikosa ya kwanza usizire. Nafasi hubaki kwenye awamu ya pili, hasa vyuo ambavyo watu hawakuvifikiria. Ila usiwe mtu wa kungoja awamu ya tatu kwa kudhani kuna muda. Zile zinazobaki mwishoni ndizo kozi zilizokataliwa na wengi.

Majina. Hili linawakwamisha watu wa mikoa yetu kuliko pointi. Shuleni umeandikwa Hamisi, cheti cha kuzaliwa kinasema Hamis, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo shuleni halipo kabisa. Wengi wetu tulizaliwa nyumbani au zahanati, cheti kikaja kutafutwa mtoto akiwa darasa la saba, na aliyeandika aliandika alivyosikia. Weka mezani vyeti vyote: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, matokeo ya kidato cha sita, namba ya NIDA. Herufi zikitofautiana, anza kurekebisha wiki hii. Tofauti ndogo huweza kutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Tofauti kubwa huhitaji kurekebishwa kwenye chanzo, na RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vifo, hawakimbizwi na mtu. Usisubiri Julai, ambapo nchi nzima ipo kwenye mfumo ule ule.

Cheti hicho cha kuzaliwa kitahitajika tena kwenye mkopo, na hapo ndipo moyo wa swali lako ulipo, kwa hiyo tukae.

Kuomba chuo na kuomba mkopo ni safari mbili. Watu huchanganya, wakipata chuo wanadhani mkopo umekuja nacho. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina mfumo wake, dirisha lake na ada yake ya maombi, ambayo imekuwa shilingi 30,000. Inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya iandikwe, kwa sababu ni moja ya vitu vinavyoonesha uhitaji wenu. Fomu ikishajazwa inachapishwa, inasainiwa na wewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na hakimu au wakili, kisha kurasa zilizosainiwa zinapandishwa tena kwenye mfumo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi huisahau: wanasaini, wanaweka karatasi kwenye bahasha, wanaamini wamemaliza. Na namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyotumia kuomba chuo ndiyo hiyo hiyo uitumie kwenye mkopo. Zikitofautiana, mifumo miwili haitakutambua kuwa mtu mmoja.

Masharti ya miaka ya karibuni yametaka mwombaji asizidi miaka 35, awe amemaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, na asiwe na ajira au mkataba wa kazi unaomwingizia kipato. Mawili ya kwanza umeyavuka bila shida. La tatu linakuhusu moja kwa moja, nami nakuomba usilifiche. Najua mshahara wa mwalimu wa leseni, najua wakati mwingine ni nauli na sukari tu. Hata hivyo mkataba ni mkataba. Nitakuja nalo hapo kwenye swali lako la kazi.

Mkopo hautolewi sawa kwa wote. Hupangwa kwa vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu, mazoezi ya vitendo, na kiwango hutegemea uhitaji wa familia na vipaumbele vya taifa. Ukiona umepewa chini ya unavyohitaji, kuna dirisha la rufaa, litumie. Na ni mkopo, mwanangu. Siku utakapoajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi uishe. Mwambie baba hilo mapema, asije akadhani serikali imekupa zawadi.

Nimzungumzie baba kidogo. Wanaopanga kalenda za vyuo hawalimi korosho. Mei hadi Julai mkulima wa Tandahimba anapulizia salfa, anapalilia, pesa yote ipo shambani. Hapo hapo ndipo mtoto anapohitaji ada za maombi, uhakiki wa vyeti, nauli ya kwenda kusainiwa fomu. Minada inaanza Oktoba, na malipo kupitia chama cha msingi hufika baada ya hapo. Chuo nacho hufunguliwa Oktoba mwishoni au Novemba. Kwa hiyo mahitaji yako yapo sehemu mbili: pesa ndogo ya Julai, ambayo haipo kabisa, na pesa kubwa ya Novemba, ambayo huenda ikachelewa wiki mbili tatu. Kila mwaka naona vijana wenye sifa zote wakikosa kwa sababu ya ile pesa ndogo. Wewe una mshahara sasa. Kuanzia mwezi huu tenga kidogo kidogo hadi ufikishe laki moja na nusu, usiiguse: maombi ya vyuo vitatu, mkopo, uhakiki, kuchapa, nauli. Kwa Novemba, kaeni na baba mkubaliane ni mnada upi ambao malipo yake ni ya chuo. Yasemwe kabla ya msimu, maana pesa ya korosho ikishafika nyumbani ina wenyewe wengi. Mkopo hauingii siku unayofika. Unasajiliwa kwanza, unasaini, ndipo unaingia. Uwe na pesa ya kula na kulala wiki za mwanzo, na ya bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka.

Ikitokea umekosa shahada awamu zote, njia haijafungwa. Vyuo vya ualimu vya stashahada tunavyo hapa hapa kusini, Kitangali kule Newala, Nachingwea, na Mtwara mjini, kila kimoja na kozi zake. Mwenye stashahada ya ualimu kwa wastani wa B, na angalau D nne za kidato cha nne, anaruhusiwa kuomba shahada. Ni njia ndefu zaidi, lakini nimewaona waliotoka huko wakifundisha vizuri kuliko waliokwenda moja kwa moja, kwa sababu walikuja chuoni wakilijua darasa.

Jambo hilo hilo litakusaidia wewe. Shahada ya ualimu wa sanaa kwa vyuo vingi ni miaka mitatu, na ndani yake kuna mazoezi ya kufundisha: unapangiwa shule kwa wiki kadhaa, unaandaa azimio la kazi na andalio la somo, na mkufunzi anakuja kukaa nyuma ya darasa na fomu yake ya alama. Nimesimamia mazoezi hayo kutoka Kilwa hadi Nanyumbu. Anayeogopa darasa huonekana dakika ya tatu: anaandika ubaoni bila kugeuka. Wewe huo woga umeshaumaliza Masasi. Lakini waliowahi kufundisha kwa leseni wana ugonjwa wao, nao ni kuzoea. Wanajua kumaliza kipindi, hawajui kueleza kwa nini wamekifundisha hivyo. Andalio la somo wanaliandika baada ya kufundisha. Ukifika chuoni kubali kuanza upya.

Baada ya kuhitimu, ajira za serikali sasa zinapita Sekretarieti ya Ajira, na mwalimu anafanyiwa usaili kama watumishi wengine, ukiwemo wa kuandika. Humo wanapima unavyolijua somo lako, na ndiyo sababu nyingine ya kuchagua masomo unayoyaweza. Mwenye shahada huanza ngazi ya mshahara ya TGTS D. Akiajiriwa anakuwa chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Ipo pia Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018, inayohusu usajili wa walimu kitaaluma, wa shule za umma na za binafsi, kwa hiyo neno leseni utalisikia tena siku moja kwa maana iliyo karibu na ile ya binamu yako.

Sasa kazi. Usiache leo. Fundisha hadi shule zifungwe Juni, halafu mwambie mkuu wa shule kwa barua kwamba hutaendelea muhula wa pili, na umwambie mapema, Aprili hii, ili atafute mtu. Nina sababu mbili. Moja ni lile sharti la mkopo: utakapojaza fomu mkataba uwe umekwisha kweli, na uwe na barua ya kuonesha hivyo. Nyingine ni wale watoto wako. Vyuo vinafunguliwa katikati ya muhula wa pili, na ukiondoka Oktoba utawaacha kidato cha pili wiki chache kabla ya mtihani wao wa taifa. Ukiondoka Juni, mwalimu mpya ana miezi ya kuwafahamu. Kuna hatari kwamba utakaa Julai hadi Oktoba bila mshahara na bila uhakika. Ni kweli. Lakini kwa pointi 5 na vyuo vitatu au vinne, katika awamu tatu, sioni ukikosa, na kama ikitokea, Januari shule za binafsi hutafuta walimu upya.

Miezi hii iliyobaki Masasi, muombe mwalimu mkongwe wa Historia hapo shuleni akuruhusu ukae nyuma ya darasa lake mara moja kwa wiki. Beba daftari. Andika anavyoanza kipindi, swali la kwanza anamuuliza nani, na anafanya nini darasa likinyamaza. Kisha niandikie vyeti vyako vinasomekaje, jina kwa jina, kabla hujalipia chochote.